Queen ipi uanze nayo: ya gitaa, ya kinanda, ya mwisho, au ya Adam Lambert?

Ami yangu alikuwa na kaseti moja ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, kaseti aliyoirekodi kutoka kwenye santuri za rafiki yake. Upande A aliujaza nyimbo za miaka ya 1970, upande B za miaka ya 1980. Upande A ulichezwa mpaka utepe ukaanza kuyumba, ukawa unakatika na kuungwa kwa gundi. Upande B ulibaki mpya kama siku ya kwanza. Ukithubutu kuigeuza kaseti, ami anainuka barazani: "Zima hiyo. Hiyo si Queen."

Binti yake, binamu yangu, aliijua bendi hii kupitia ile filamu ya 2018, "Bohemian Rhapsody". Kwake yeye Queen ni Live Aid, lile tamasha la 1985 la kuchangia wenye njaa, ni shati la fulana jeupe na uwanja mzima unapiga makofi kwa pamoja. Kwa maneno mengine, yeye ni mtu wa upande B asiyejua kwamba kuna kesi. Baba na mwana hawajapatana juu ya jambo hili mpaka leo, nami nimekaa katikati yao miaka mingi kiasi cha kuweza kukupa ramani.

Wanaotaka kuanza kuisikiliza Queen hukwama hapo hapo. Bendi imeanza London mwaka 1970, albamu ya kwanza imetoka 1973, na wawili kati ya wale wanne bado wanapanda jukwaani. Katikati imebadilika mara nyingi mno hata mashabiki wake wanaweza kukaa meza moja kila mmoja akisifu bendi tofauti kwa jina lile lile. Kwa sisi wa Unguja mabishano haya si mageni. Wapo wanaoapa kwamba taarab iliishia pale ganuni na fidla zilipokipisha kinanda cha umeme, na wapo ambao bila rusha roho wasingeinuka kitini. (Na Freddie Mercury mwenyewe, mwimbaji wao, ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Ila usimtafute Zanzibar ndani ya nyimbo zake, hutampata kirahisi.)

Nimezigawa Queen nne, na zote nitazipima kwa mizani ile ile. Kwanza ala: ni chombo gani kinaubeba wimbo. Pili watunzi: nani ameshika kalamu, maana Queen ilikuwa na watunzi wanne na kila mmoja ana kibao kilichozunguka dunia. Tatu sauti. Nne albamu: je, inasikilizika mwanzo hadi mwisho, au utaokota vibao viwili vitatu na kuondoka?

Queen ya gitaa, 1973 hadi 1978

*Ala.* Albamu saba, na juu ya majalada ya zile za mwanzo waliandika kwa majigambo kwamba hakuna sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, humu. Hawakuandika bure. Watu walikuwa wanasikia tarumbeta, zumari na fidla, kumbe ni gitaa la Brian May limerekodiwa juu ya gitaa juu ya gitaa. Gitaa lenyewe alilitengeneza nyumbani na baba yake kuanzia 1963. Shingo ilichongwa kutoka mbao ya meko ya zamani, springi zilitoka kwenye vali za pikipiki. Hakwangui nyuzi kwa kiplastiki kama wengine. Anatumia sarafu ya peni sita, na ukitega sikio unaikuta ile mikwaruzo midogo ya chuma kwa chuma mwanzoni mwa kila noti. John Deacon, mpiga besi aliyesomea elektroniki, aliokota saketi kwenye takataka akaunda amplifaya ndogo. Sikiliza "Good Company" ya 1975 kwa spika za masikioni. Ile bendi nzima ya jazz unayoisikia ni gitaa moja na amplifaya ya kuokota.

*Watunzi.* Freddie na Brian ndio wenye nyumba. Roger Taylor, mpiga ngoma, na Deacon wanapewa wimbo mmoja mmoja, ingawa "You're My Best Friend" ya Deacon inatosha kukuonyesha kinachokuja.

*Sauti.* Kwaya ya watu watatu. Freddie katikati, Brian chini, Roger juu kabisa kule ambako wengine wanahitaji ngazi. Sehemu ya opera ya "Bohemian Rhapsody" ilichukua karibu wiki tatu, wakiimba na kurudia mpaka utepe ukachakaa. Wimbo una dakika 5 na sekunde 55, na wakubwa wa kampuni walisema ni mrefu mno kwa redio. Ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Msikilizaji wa kwetu ana raha yake ya pekee pale kwaya inapopiga kelele "Bismillah!", neno ambalo mwenzake wa Marekani lazima aulizie.

*Albamu.* Hapa ndipo ami anaposhinda kesi. "Queen II" ya 1974 imegawanywa upande mweupe na upande mweusi badala ya A na B, na upande mweusi wote ni kazi ya Freddie, wimbo unaingia ndani ya wimbo kama vyumba visivyo na milango. "A Night at the Opera" ya 1975 ni mlo kamili. Lakini kuna wakati ni mapambo juu ya mapambo. Unafika "A Day at the Races" ukiwa umeshiba, na vile vinyimbo vya vichekesho vya kizungu cha zamani vinamchosha mtu asiyevizoea. Wenyewe nadhani walilihisi, maana 1977 walikuja na "We Will Rock You": miguu, makofi, sauti ya Freddie, na gitaa mwishoni tu.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira na spika nzuri. Mtu anayependa kufungua redio aone ndani kuna nini.

Queen ya kinanda na dansi, 1980 hadi 1986

*Ala.* Kwenye "The Game" ya 1980 walikiri wenyewe: safari hii sintesaiza imo. Walikuwa wamehamia Munich kurekodi na mtayarishaji Reinhold Mack, na usiku wa Munich uliingia studio pamoja nao. "Another One Bites the Dust" ni besi ya Deacon imesimama mbele peke yake, nyuma yake ngoma kavu isiyo na mwangwi. Halafu 1982 ikaja "Hot Space", na hapo ndipo familia ziligawanyika. Nusu ya kwanza ya albamu ni dansi tupu: ngoma za mashine, besi ya kinanda, na gitaa la Brian limesimama nje linabisha hodi. Kwenye "Back Chat" Deacon, mwenye wimbo, hakutaka solo ya gitaa kabisa. Walibishana, solo ikaingia. Isikilize ukijua hivyo, utasikia mtu anayepiga kwa hasira. Hata Brian na Roger hawakuwa na raha na mwelekeo ule, kwa hiyo shabiki anayeikataa "Hot Space" hajavunja adabu. Amekuta ugomvi nyumbani, hakuuleta yeye.

Mwaka 1984 "The Works" ilijaribu kuwapatanisha wote: "Radio Ga Ga" yenye vinanda na "Hammer to Fall" yenye gitaa la nguvu, jalada moja.

*Watunzi.* Hii ndiyo hoja ambayo wenye dharau na upande B huikwepa. Katika miaka hii kalamu zote nne zinafanya kazi. Deacon ana "Another One Bites the Dust" na "I Want to Break Free". Roger ana "Radio Ga Ga" na "A Kind of Magic". Freddie ana "Crazy Little Thing Called Love", aliyoianza akiwa kwenye beseni la kuogea hotelini Munich. Brian ana "Who Wants to Live Forever". Bendi ngapi zinaweza kusema kila mwanachama ametunga wimbo unaoimbwa na umati bila kusaidiwa?

*Sauti.* Inashuka kifuani, inakuwa ngumu na ya kiume zaidi, kwaya inapungua. Anachopoteza studio anakirudisha jukwaani. Live Aid, Julai 13, 1985, uwanja wa Wembley, London: dakika kama 21, na ule mchezo wa "eeh-oh" ambamo Freddie anautupa mstari na watu zaidi ya elfu 70 wanaurudisha. Binamu yangu anaujua kwa moyo. Ila nimemwambia mara nyingi, filamu imemfunga kamba. Bendi haikuwa imevunjika kabla ya Live Aid. Ilikuwa imetoka kumaliza ziara Japani miezi miwili nyuma. Wala Freddie hakupanda jukwaani siku ile akijua kwamba ana virusi vya UKIMWI, jambo hilo lilibainika 1987. Alikuwa tu mtu hodari kazini.

Nilichelewa kujua kwamba chuki ya ami kwa upande B haikuwa ya vinanda peke yake. Oktoba 1984 Queen ilikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, wakati Umoja wa Mataifa ukiwataka wasanii waisusie. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Miezi tisa baadaye bendi ile ile iko Wembley inachangia wenye njaa Ethiopia. Ami hakuwahi kuyapatanisha mambo hayo mawili, na sioni sababu ya kumlazimisha.

*Albamu.* Dhaifu kuliko zote kwa kigezo hiki. Ukiiondoa "The Game", albamu za hapa ni kapu la sokoni: embe tamu juu, chini usiulize. "Flash Gordon" ya 1980 ni muziki wa filamu, na nusu ya "A Kind of Magic" imetoka kwenye filamu ya "Highlander". Badala ya albamu za studio, chukua rekodi ya Wembley ya Julai 1986.

*Inamfaa nani.* Mtu wa shughuli, wa gari, wa mazoezini. Na mtu anayependa besi.

Queen ya mwisho, 1989 hadi 1995

*Ala.* Gitaa na kinanda wameshazeeka pamoja, hawagombani tena. "I Want It All" ina kelele za gitaa kama za miaka ya 1970. "Innuendo", wimbo wa dakika sita na nusu, una katikati kipande cha gitaa la Kihispania alichopiga Steve Howe wa bendi ya Yes.

*Watunzi.* Kuanzia "The Miracle" ya 1989 waliamua kila wimbo uandikwe jina la Queen, basi. Ugomvi wa nani anapata fedha za wimbo gani ukaisha siku hiyo. Ni uamuzi mdogo wa karatasi, lakini mimi naamini ndio uliowafanya waweze kukaa chumba kimoja wakati mwenzao anadhoofika.

*Sauti.* Hapa nakuomba usimame kidogo. Hawakufanya ziara tena. Onyesho la mwisho la Freddie na Queen lilikuwa Knebworth, Uingereza, Agosti 9, 1986. Kila alichobakiwa nacho kiliingia kwenye maikrofoni. Brian amesimulia kwamba alipomletea "The Show Must Go On" alihofia noti za juu zitamshinda mgonjwa. Freddie akanywa vodka, akaimba. Halafu kuna "Mother Love", sauti ya mwisho aliyorekodi. Ubeti wa mwisho husikii sauti yake. Alisema amechoka, atarudi kuumalizia, hakurudi. Brian ndiye anayeuimba. Mara ya kwanza unaweza usigundue. Mara ya pili utagundua, na hutaweza kuusikiliza wimbo huo ukiwa unafanya kazi nyingine.

*Albamu.* "Innuendo" ya Februari 1991 ndiyo albamu yao bora tangu 1980 kwa maoni yangu, na nimewahi kuyatetea maoni hayo mpaka chai ikapoa. "The Miracle" ina kupanda na kushuka. "Made in Heaven" ilitoka Novemba 1995, miaka minne baada ya kifo chake cha Novemba 24, 1991. Wenzake waliunganisha vipande vilivyobaki na nyimbo zilizokuwa kwenye kazi yake binafsi ya 1985. Wengine wanaiona kama kumvika marehemu nguo asizozichagua. Wengine wanasema aliwaachia sauti makusudi ili wamalizie. Kwa sehemu kubwa ya nyimbo zile mpya, hao wa pili wana ushahidi.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima. Si lazima wa umri. Mtu aliyewahi kuuguza.

Queen baada ya Freddie, 2004 hadi leo

*Ala.* Brian yuko na gitaa lile lile la meko, Roger yuko kwenye ngoma. Deacon alijiondoa 1997 na hajarudi, na wengi wa kizazi cha ami wanasema bila besi ile hakuna mjadala.

*Watunzi.* Kigezo hiki kinawabana. Wakiwa na Paul Rodgers, mwimbaji wa Free na Bad Company, walitoa albamu moja ya nyimbo mpya, "The Cosmos Rocks" ya 2008, isiyoacha alama kubwa. Wakiwa na Adam Lambert, mwimbaji aliyeshika nafasi ya pili kwenye shindano la uimbaji la American Idol mwaka 2009, hawajatoa albamu mpya ya studio. Hata "Face It Alone" ya 2022 ni sauti ya zamani ya Freddie iliyofukuliwa kutoka enzi za "The Miracle". Anayetaka bendi kongwe iendelee kuumba atasononeka hapa. Anayeona kwamba wenye miaka zaidi ya 70 wana haki ya kupiga nyimbo zao kwa watoto wa watoto wa mashabiki hataona tatizo.

*Sauti.* Rodgers aliimba kiblues, akaziburuta nyimbo zije kwake. Lambert anafanya kinyume chake: anazifuata nyimbo ziliko, na koo lake linafika. Hasemi yeye ni Freddie. Jina lenyewe limewekwa alama ya kujumlisha katikati, Queen + Adam Lambert, na Freddie hutokea kwenye skrini akiimba "Love of My Life" na Brian. Ami huita hiyo hitima yenye viingilio. Binamu alipoona video zake alilia.

*Albamu.* "Live Around the World" ya 2020 inatosha.

*Inamfaa nani.* Mwenye kutaka kuwaona kwa macho. Rekodi za 1975 zitakusubiri, watu hawasubiri.

Basi uanzie wapi?

Kama una saa moja tu na huna nia ya kwenda mbali, zipo "Greatest Hits" ya 1981, albamu iliyouzwa kuliko zote nchini Uingereza, na "Greatest Hits II" ya 1991. Ya kwanza inaishia 1980, ya pili inaanzia hapo. Zikae pamoja, umepata kaseti ya ami, upande A na upande B. Ubaya wake ni kwamba vibao vinaficha ugomvi, na ugomvi ndio wenye utamu.

Kama ulikulia kwenye dansi la Kongo au la Dar es Salaam, na masikio yako yanakwenda moja kwa moja kwenye besi na gitaa la solo, anza na "The Game". Ni daraja: mguu mmoja ng'ambo hii, mwingine ng'ambo ile. Kutoka hapo rudi nyuma "News of the World", kisha "Sheer Heart Attack".

Kama wewe ni mtu wa kwaya, nenda "A Night at the Opera" bila kupitia kokote. Zima simu.

Kama umetoka kuitazama filamu, usiende albamu yoyote ya studio kwanza. Tazama Live Aid yenyewe, yote, halafu Wembley 1986, ndipo uingie "The Works".

Kama uko msibani, au umetoka hospitali, "Innuendo". Iache "Made in Heaven" kwa siku nyingine.

Kama umepata viza na tiketi, nenda kamwone Lambert, na usibishane na mtu kwenye foleni.

Na kama nyumbani kwako yuko mtu kama ami, aliyefunga mlango mwaka 1980 na ufunguo kautupa baharini, usimpelekee "Hot Space", utaharibu undugu. Mpigie "Hammer to Fall" na usimwambie ya lini. Mimi nilifanya hivyo Idi iliyopita. Ami alitikisa kichwa tangu mwanzo, solo ilipoingia akafumba macho, ilipokwisha akaweka kikombe chini na kuniuliza, "Hii mbona siikumbuki, iko baada ya wimbo gani upande A?"